Maboksi 250 na Kalamu Nyekundu

Boksi langu la kwanza lilikuwa limelegea kama pakiti ya maziwa iliyosahauliwa kwa mvua. Nililichora kwa biro ya shilingi 20, nyuma ya karatasi iliyoharibiwa na printa ya saiba, na nilijiamini kabisa, kwa sababu boksi ni boksi. Nani hajui kuchora boksi? Darasa la pili sote tulichora nyumba, na nyumba ni boksi lililovaa kofia. Nikachora la pili, la tatu, nikafika la tano, ukurasa ukajaa. Halafu nikafanya kile ambacho zoezi linadai: nikachukua kalamu nyekundu, nikaendeleza kila ukingo kuelekea nyuma ya boksi, mbali na mimi ninayelitazama, nione kama mistari inakaribiana. Mingine ilikaribiana. Mingine ilikuwa inakimbiana kama watu wanaodaiana pesa.

Zoezi lenyewe ni changamoto ya maboksi 250, na linatoka kwa kozi ya bure ya mtandaoni inayoitwa Drawabox. Mwenye kozi ni Irshad Karim, mchoraji ambaye wanafunzi wake wanamjua zaidi kwa jina la Uncomfortable. Yeye naye alipitia darasa la Peter Han huko Pasadena, California. Ukimaliza somo la kwanza, lile la mistari, duara zilizolala na maboksi, hukimbilii la pili. Unakaa chini kwanza uchore maboksi 250, makubwa kiasi, matano au sita kwa ukurasa, kila moja limegeukia kwake. Kwa wino. Bila kifutio.

Nililimaliza. Lilinichukua miezi mitano na siku kadhaa, na nataka kuliongelea vile ningeongelea kitabu au filamu: linafanya nini, linaweza wapi, linakwama wapi. Naona kuna haja, kwa sababu wasee wengi ninaowajua wanaojifunza kuchora kwa simu wanalisifia kitu kimoja tu, ile nambari. "Ushafika ngapi?" ndiyo salamu. Mtu anasema 180 na anapewa heshima ya mtu aliyepanda Mlima Kenya kwa slipa. Mimi pia nilikuwa hivyo. Nambari ndiyo iliyonivuta, na nambari ndiyo iliyokaribia kuniharibia kazi yote.

Lakini kwanza boksi, maana hapa ndipo kozi ina akili nyingi kuliko inavyoonekana.

Boksi lina kingo 12, na kingo hizo ni familia tatu za ndugu wanne. Duniani, ndugu wanne wa familia moja wanaenda sambamba, hawakutani hata siku moja. Kwenye karatasi, ukitaka boksi lionekane limekaa kwenye nafasi, wote wanne lazima waelekee nukta moja ya mbali na kupotelea hapo. Kila familia na nukta yake. Kama unataka kuona jambo hili bila kuchora, simama jioni juu ya daraja la wapita njia pale Thika Road. Kingo za barabara, vizuizi vya katikati, foleni ya magari, vyote vinaelekea kukutana mbele huko, na wewe unajua vizuri kwamba havikutani. Hesabu ya kuhamisha hali hiyo kwenye karatasi ndiyo huitwa perspektivi, na si ya zamani sana ukilinganisha na umri wa uchoraji wenyewe. Filippo Brunelleschi aliionyesha Florence mwanzoni mwa karne ya 15, na Leon Battista Alberti akaiandikia kitabu mwaka 1435. Kabla ya hapo watu walikuwa wamechora kwa maelfu ya miaka, na wamechora vizuri, bila hiyo nukta.

Vitabu vingi vya kufundisha perspektivi vinakuanzisha na nukta. Weka nukta hapa, weka nyingine pale, chukua rula, vuta. Boksi linatoka safi na wewe hujaelewa kitu, kwa sababu rula ndiyo iliyofikiri. Drawabox inafika mahali inakunyima nukta. Unaanza na mistari mitatu tu inayotoka kwenye kona moja, kona iliyo karibu nawe zaidi, umbo kama herufi Y iliyoinamishwa, kila pembe pana kuliko nyuzi 90. Nukta ziko, lakini haziko kwenye karatasi. Ziko mezani, ziko ukutani, ziko kwa nyumba ya jirani. Inabidi uzikisie, na kila mstari unaoongeza unauelekeza kwenye kitu ambacho hukioni. Unapitisha mkono hewani mara kadhaa juu ya njia ya mstari, bega likisogea badala ya kifundo cha mkono, kisha unaushusha mara moja. Ukikosea umekosea. Wino haurudi nyuma, kwa hivyo kufikiri kote lazima kufanyike kabla.

Halafu ndipo rangi ya pili inakuja kukagua. Unakisia boksi zima, unalimaliza, na baada ya hapo ndipo unauliza. Mpangilio huu ndio ninaousifia. Mitihani mingi niliyofanya maishani ilikuwa na jibu mahali fulani, kwa mwalimu, na wewe ulisubiri. Hapa jibu limejificha ndani ya mchoro wako mwenyewe. Mistari yako ndiyo inayosema kama iliongea ukweli. Mara ya kwanza nilipoona mistari minne ya familia moja ikielekea pamoja ukingoni mwa karatasi bila kutawanyika, boksi la 31, nilipiga kelele hadi jirani akagonga ukuta.

Sasa tatizo. Kati ya boksi la 31 na la 90 sikusonga hata hatua moja.

Nilidhani nasonga. Kila jioni baada ya kumaliza kazi za kuandikia watu matangazo ya sofa na mikopo, nilichora ukurasa mmoja, nikaweka mistari myekundu, nikaona haijakaa sawa, nikaandika nambari pembeni, nikalala. Mistari ilinionyesha kwamba nimekosea. Haikuniambia kosa ni gani. Hapa ndipo zoezi, likiachwa peke yake na mtu mmoja chumbani, linakwama. Ni kama thamometa: itakuambia una homa, haitakuambia ni malaria au ni taifodi. Na kwa haki ya kozi lazima niseme kwamba haijaficha jambo hili. Inamwambia mwanafunzi atafute mtu wa kuitazama kazi yake, na ina njia ya kusahihishwa bure na wanafunzi wenzako na nyingine ya kulipia. Mimi ndiye niliyeruka sehemu hiyo. Nilitaka kwanza nifike 250 ndiyo nionyeshe mtu kitu kizuri.

Hiyo aibu ilikuwa na historia. Kwenye chuo nilichoacha mwaka wa pili tulikuwa na somo la michoro ya kiufundi. Ulichora usiku kucha, ukapeleka, na baada ya wiki sita karatasi ikarudi na nambari kwenye kona: 11 kwa 30. Hakuna mstari ulioguswa. Ungeweza kuitazama hiyo karatasi mpaka macho yaume na usijue zile alama 19 zilipotelea ukingo gani. Rangi nyekundu kwangu ilimaanisha hivyo, kitu kinachokaa kwenye kona na kusema wewe ni mtu wa aina gani. (Sikuacha chuo kwa sababu ya 11. Niliacha kwa sababu ya karo, na hadithi ya karo mnaijua.)

Kilichonitoa ni rafiki yangu mmoja anayechora katuni za matangazo. Alikuja kwangu kuchukua chaja yake, akakuta karatasi zimetapakaa kitandani, akaanza kupindua kabla sijaziondoa. Hakusema ni mbaya. Hakusema ni nzuri. Aliomba kalamu.

"Hii familia ya juu," akaniambia, "ni watu wangapi?"

"Wanne."

"Hapana. Wewe umechora wawili, halafu wawili. Ona. Hawa wa upande huu wameelewana, wanaenda pamoja. Hawa wa upande huu pia wameelewana. Lakini hao wanne hawajawahi kukaa meza moja. Kila boksi, wewe, tangu... hebu nione... tangu la hamsini na kitu. Wawili wawili kama wanaenda harusi."

Alikuwa sahihi kwa namna ya kuudhi. Nilikuwa nachora uso mmoja wa boksi, nautengeneza ukae vizuri, kisha nahamia uso mwingine, nautengeneza nao. Kila uso peke yake ulikuwa na adabu. Boksi zima lilikuwa limevunjika, kwa sababu ukingo wa nyuma, ule wa mbali kabisa unaochorwa mwisho, ulikuwa unapokea makosa ya wengine wote na kuyabeba. Akanionyesha kitu kingine ambacho nilikuwa nimesoma kwenye kozi na kikapita kama upepo: kati ya ndugu wanne, wale wawili wa katikati hukaa karibukaribu, na wakifika mbali huwa karibu sambamba. Ukiona hao wa katikati wanapishana kwa pembe kubwa au wanakutana mapema, hujafikiria nukta moja, umefikiria mbili. Kwa hivyo unapochora mstari hutazami ule ulio jirani yake peke yake. Unatazama wote watatu uliowatangulia.

Dakika kumi. Maboksi 90, miezi miwili, na kilichokosekana kilikuwa dakika kumi za mtu mwingine. Alichukua chaja yake akaenda.

Baada ya hapo nilikuwa nampigia picha kila ukurasa wa tano na kumtumia kwa WhatsApp. Alikuwa akinirudishia na mistari aliyochora kwa kidole juu ya picha, minene, isiyonyooka, na neno moja au mawili. "Nyuma." "Umekimbia." "Huyu amelewa." Siku moja alirudisha ukurasa mzima bila mstari wowote na alama ya gumba, na sikufurahi kama nilivyotarajia, nilihisi hajatazama. Nikamwandikia hivyo. Akajibu kwamba alikuwa kwenye matatu, na kweli hakuwa ametazama, na kwamba boksi la tatu lilikuwa limevimba.

Hii ndiyo tofauti ambayo wasifiaji wa nambari hawaisemi. Kusahihishwa kunakofaa kuna anwani. Kunasema ukingo huu, hapa, unaelekea kule badala ya huku. Ukiambiwa "una kipaji" au "endelea tu, mazoezi hufanya bingwa" umepewa 11 kwa 30 nyingine, tofauti ni kwamba hii ina sukari. Na mazoezi bila anwani yanakuzoesha kosa lako hadi mkono unalifanya bila kukuuliza. Nilipojaribu kuacha ile tabia ya wawili wawili, ilinichukua maboksi karibu 40 kuing'oa, na kwa maboksi 40 hayo nilichora vibaya kuliko mwanzo, kwa sababu sasa nilikuwa nafikiri.

Kuna mtu wa pili aliyesahihisha maboksi yangu, na huyu ndiye aliyenifanya niitilie kozi yenyewe swali. Mtaani kwetu Umoja kuna mzee anayeandika mabango ya hoteli na vinyozi kwa brashi. Siku hiyo alikuwa juu ya stuli akimalizia CHAPO MADONDO kwa nyekundu, na kivuli cha bluu kinachozipa herufi unene, zionekane kama zimekatwa kwa mbao. Nilisimama nikitazama mpaka akaniuliza kama nataka kazi. Nikamwonyesha daftari.

Alilitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia, huku brashi ikidondoka.

"Hii boksi yako inaanguka, kijana."

"Inaanguka wapi, mzee?"

"Nyuma. Mbele umeishika, nyuma umeiachilia."

Ilikuwa ni kosa lilelile. Hajawahi kusikia habari ya nukta ya mbali, lakini jicho lake lilienda moja kwa moja kwenye kona ya nyuma. Basi nikamgeuzia, kwa ujuaji wa mtu aliye boksi la 140. Nikamwambia kwamba herufi zake nazo, ukifuata sheria, mistari ya unene ilipaswa kukaribiana. Yeye ameivuta yote kwa mteremko mmoja, kutoka C ya kwanza mpaka O ya mwisho.

"Zikikutana," akasema, "herufi za huku zitaangalia kule, na za kule zitaangalia huku. Zitakuwa kama watu wamekosana. Mwenye hoteli hataki hivyo. Anataka zote ziangalie stegi."

Nilikaa na jibu hilo siku nyingi, kwa sababu ni sahihi kabisa kihesabu. Ukiweka nukta moja katikati ya neno, herufi za kushoto zinaonyesha ubavu wa kulia na za kulia zinaonyesha ubavu wa kushoto. Yeye alikuwa amechagua sambamba, njia ambayo wachoraji wa China na Japani waliitumia kwa karne nyingi, na ambayo wahandisi bado wanaitumia wakitaka kuonyesha kipuri bila kupotosha vipimo. Bango halina mtazamaji mmoja aliyesimama mahali pamoja. Lina abiria anayeshuka, mama anayevuka, kondakta anayening'inia mlangoni. Perspektivi inahitaji jicho moja lisilosogea, na jicho hilo Umoja utalipata wapi?

Drawabox haikatai haya, lakini haiyasemi kwa sauti ya kutosha. Inafundisha kufikiri kuhusu nafasi, kuacha kuona mistari juu ya karatasi na kuanza kuona vitu vilivyomo ndani yake, na hapo iko vizuri. Ila mwanafunzi akimaliza maboksi 250 anaweza kutoka akiamini kwamba amejifunza kuona, na kwamba ambaye hajayachora haoni. Hapo ninamshika mkono. Imani hiyo ina ukoo mbaya.

Mwaka 1754 William Hogarth alichora picha ya mzaha kwa ajili ya kitabu cha Joshua Kirby kuhusu perspektivi. Ndani yake mwanamke yuko dirishani ameshika mshumaa, na mwanamume aliye juu ya kilima cha mbali anawashia kiko chake kwenye mshumaa huohuo. Karibu kila kitu kwenye picha hiyo kimekosewa makusudi. Watu walicheka, na walimcheka mchoraji asiyejua kazi yake. Sasa ruka hadi 1960. William Hudson, mtafiti aliyekuwa Afrika Kusini, anachapisha matokeo ya jaribio alilowafanyia wafanyakazi wa migodini na wanafunzi, Weusi na Weupe. Picha ina mwindaji aliyeinua mkuki, swala aliye karibu naye, na kati yao, juu ya kilima, tembo mdogo. Tembo ni mdogo kwa sababu amewekwa mbali. Unaulizwa: huyu mtu anafanya nini? Nani yuko karibu naye? Ukisema anamlenga tembo, unaandikwa miongoni mwa watu wanaoona picha bapa, wasioona kina. Matokeo ya aina hiyo yalitumika kwa miaka kuzungumzia jicho la Mwafrika.

Lakini itazame picha yenyewe. Juu ya karatasi, ukipima kwa rula, tembo ndiye aliye karibu zaidi na ncha ya mkuki. Anayesema "tembo" anasoma kilichopo mbele yake. Anayesema "swala" amefundishwa mahali fulani kwamba kidogo maana yake ni mbali, na amesahau alifundishwa lini. Uingereza ya Hogarth mzaha ulimwangukia aliyechora. Kwenye jaribio la Hudson ulimwangukia aliyetazama, na haukuitwa mzaha tena.

Mimi nimekulia kwenye filamu, gemu za simu, vitabu vya shule vyenye picha kila ukurasa. Nimekaa kwenye nyumba za kona nne maisha yangu yote. Kama jicho la mtu wa vyumba vya mraba linajua perspektivi lenyewe, maboksi yangu 90 yalipaswa kutoka sawa. Yalitoka wawili wawili kama wanaenda harusi. Hakuna anayezaliwa na hii kitu. Inachukua karatasi nyingi na mtu wa kukuonyesha kona.

Malalamiko mengine ni madogo na nitayapitia haraka. Maandishi ya kozi ni marefu mno. Karim anaeleza jambo, anaeleza kwa nini amelieleza, anarudi tena kukukumbusha, na yote kwa Kiingereza kinachomchosha mtu anayesomea kwa bando la siku moja. Inasisitiza kalamu ya wino ya ncha ya 0.5, ambayo mimi niliinunua mara moja kwa bei ya chakula cha siku mbili, ikafa boksi la 22, nikarudi kwa biro. Biro inatema wino kwenye mwanzo wa mstari. Mtazoea.

Na kuna sheria moja ambayo ni bora kuliko maboksi yote, na ambayo sijakutana na mtu aliyeitii: nusu ya muda wako wa kuchora lazima uwe wa kuchora unachotaka, bila nia ya kujiboresha. Siyo zawadi baada ya zoezi. Nusu ya muda. Nilipoisoma niliiona kama maneno ya kutia moyo, nikaipita. Sisi tuliokatika shule katikati tuna deni fulani tunalojidai, kila saa lazima ionekane ilifanya kazi, na kuchora tu kwa sababu unataka inaonekana kama kula ada. Nilianza kuitii baada ya boksi la 160, kwa sababu nilikuwa nimeyachoka maboksi hadi nayaota. Nilichora mathree. Mathree ni boksi lililochoka kwenye kona, na unapoliweka spika, ngazi ya nyuma na msee anayening'inia, kila kitu kinaomba kuelekea nukta zilezile. Ya kwanza ilikuwa mbaya kweli. Magurudumu yalikuwa yanaenda Kayole na mwili unaenda tao. Niliicheka peke yangu. Sikuitumia kwa mtu, na sikuweka mstari mwekundu. Ya sita nimeibandika ukutani.

Boksi la 250 nililichora Jumapili mchana, kwa utaratibu wote, mkono hewani mara nne kabla ya kila mstari, kama vile mtu angekuja kulipiga picha ya gazeti. Nikachukua nyekundu. Familia mbili zilikaa. Ya tatu, wale wawili wa katikati walikutana mapema, karibu na ukingo wa karatasi, wakati wenzao bado wana safari.

Nikampigia picha nikamtumia. Alijibu Jumanne usiku: mstari mmoja wa kidole, kwenye kona ya nyuma, na swali kama bado nina ile chaja yake nyingine.